Daftari la Msimu Uliokwisha

Msimu umekwisha. Uwanja umerudishiwa ng'ombe,
na sisi tumerudishiwa benchi la Tenywa, fundi baiskeli,
mkabala na lango la kiwanda cha sukari, hapa Kakira,
penye harufu ya molasi
inayoganda kooni kama neno ulilolimeza.

Besiboli sasa inachezwa hapa.
Midomo haihitaji kirungu.

"Wamemuuza Owachi!" asema Tenywa, spoki mdomoni.
"Hawakumuuza, wamembadilisha," Mutesi amsahihisha,
ageuza chapati, avunja yai la pili kwa kidole gumba.
"Mdakaji wetu, miaka sita amechuchumaa kwa ajili yetu,
kwa kijana mmoja wa Lugazi, mrushaji, mashoto,
na mashine ya kukata nyasi juu yake."
"Mashine yenyewe nzima?"
"Wanasema inataka plagi tu."

Basi kukawaka.
Balidawa wa mizani, anayepima malori ya miwa
na kwa hiyo hudhani amepewa kupima kila kitu,
akasema mashoto ni dhahabu:
wapigaji wa ligi nzima wamezoea mpira utokao kulia,
huyu watampigia upepo mpaka Krismasi ya pili.
Kasimu wa bodaboda akasema dhahabu haidaki.
Mrushaji asiye na mdakaji
ni mtu anayefukuza ndege shambani kwa mawe.

Kisha mkataba wa Isabirye:
miaka miwili, laki mbili kwa mwezi, chumba chenye umeme,
na sukari kilo tano.
"Kwa kupiga mpira mmoja katika kila minne?"
"Mmoja katika mitatu!"
"Mwulizeni Nabirye."
Hawakuniuliza.
Ongiera, panga lake limefungwa gunia, akacheka peke yake:
"Mimi nimekata miwa miaka kumi na mmoja.
Mkataba wangu huanza asubuhi, huisha jioni."
Hapo hata Balidawa alitafuta kitu cha kutazama.

Nabirye ndiye mimi.
Mimi ndiye mwenye daftari na penseli,
mwanamke wa kofia ya njano nyuma ya wavu.
Kila mpira uliomponyoka Owachi niliutilia kiduara.
Msimu wa kwanza viduara vinne.
Huu uliokwisha, kumi na saba,
na vingi upande wa kushoto, upande wa goti lile.
Sikumwambia mtu. Hesabu haina sauti,
nilijidanganya hivyo.
Mwezi wa kumi na moja meneja aliliazima daftari usiku mmoja.
Lilirudi na alama ya kidole chenye mafuta ya samaki
kwenye ukurasa wake.

Nilikuwa nalo mapajani, nimelifunika kwa khanga,
Owachi alipotokea, anakokota baiskeli, tairi chini.

Kimya. Sufuria ndiyo iliyoongea.
Kasimu akagundua simu yake.
Balidawa, aliyekuwa amekwisha kumpima na kumshusha,
akasogea ampishe mahali pa kukaa.
Owachi hakukaa. Goti likishakunjwa, kulikunjua ni kazi,
na mbele ya watu hakutaka.

"Nabirye," akasema,
"ule wa Jumamosi ya mvua, uliandika?
Ule niliodaka nimelala?"
"Niliandika."
"Vizuri."
Akala chapati yake amesimama,
akawa anatazama lango ambako zamu ya mchana ilikuwa ikitoka,
watu weupe kwa vumbi la sukari, kila mmoja na njaa yake.

Tenywa aliziba tairi, akakataa pesa.
Akakataa mara mbili, kwa hasira,
kana kwamba pesa ndiyo iliyosaini.

Alipokata kona ya msikiti
tuliendelea kusikia mnyororo wake ukilalamika,
kisha hatukusikia.
Mutesi akapangusa kisu.
Balidawa akakohoa, akaanza kwa sauti ya chini:
"Lakini huyo mashoto, jamani…"
na Tenywa, spoki imerudi mdomoni:
"Hiyo plagi, inauzwa bei gani?"