Aliyetundika Sifuri

Kitabu cha klabu kina picha mia mbili na kumi.
Mimi simo hata katika moja,
ila mkono wangu: ukurasa wa sitini na nne,
umechomoza nyuma ya ubao, umeshika saba.

Naitwa Orie Kuwabara. Miaka ishirini na sita
nilitundika tarakimu za Korongo wa Muroran,
juu ya ngazi, ndani ya ubao wa matokeo,
bahari mgongoni, jicho kwenye tundu
lisilozidi upana wa bakuli la wali.
Kutoka pale besiboli ni mchezo wa watu wadogo
wanaongoja sana, kisha wanakimbia kidogo.

Wameandika: mwaka wa kwanza, siku ya ukungu,
Korongo walipata pointi tatu kwa pigo moja.
Ni kweli. Hawakuandika kwamba mpira haukuonekana tena,
kwamba walinzi wote wa nje walipapasa nyasi
kama watu waliodondosha hereni ya bibi harusi,
na mwamuzi, haoni mbele wala nyuma,
akaupigia ubao kelele: "Huko mmeuona?"
Nikatundika tatu.
Nani angebisha?

Wameandika: usiku wa awamu kumi na tisa.
Nagakura alirusha mpaka kucha ikang'oka,
mrushaji wa wageni naye hakukubali kushindwa kuchoka,
sifuri juu, sifuri chini,
sifuri juu, sifuri chini,
hata sifuri zikaniishia kabatini.
Unacheka. Jaribu wewe kupungukiwa na kitu
ambacho maana yake ni hakuna.
Nilichukua nane nikaipaka rangi kiunoni.
Nilitundika kifuniko cha sufuria.
Saa sita usiku wafua chuma wa zamu ya tanuru
wakaingia bure, masizi hadi kwenye kope,
mmoja akauliza kama huu ni mchezo wa jana au wa kesho.

Na ile siku yenyewe. Ubingwa, mmoja tu, hatukupata mwingine.
Awamu ya tisa, tumebakiwa na mtu mmoja wa kupiga:
Eligio Peguero, mtoto wa mashamba ya miwa ya Baní,
aliyevaa soksi mbili mbili hata mwezi wa Julai.
Kitabu kinasema mpira ulivuka ubao ukazama baharini.

Haukuvuka.
Uliingia kwenye tundu langu.
Nilisikia gongo, nikaona kitu cheupe kikikua,
nikainama, na chupa yangu ya chai ikapasuka ukutani.
Watu elfu kumi na nne walikuwa wanapasua koo,
na mimi nimeketi gizani, mpira mapajani,
sketi imelowa chai.
Sikumwona akizunguka vituo. Nilisikia miguu ya watu tu,
mbao zote zikitetema.
Nne ilichelewa kupanda. Wamesema Orie alikuwa analia.
Orie alikuwa anaokota vigae.

Baadaye chuma kilikosa wanunuzi,
timu ikauzwa kusini: jina, jezi, na korongo mwenyewe.
Mchezo wa mwisho tulifungwa tano bila.
Hakuna aliyeniambia nishushe tarakimu,
nami sikushusha. Theluji ilikula rangi polepole,
sifuri ikatangulia.

Siku ile Peguero alipanda ngazi yangu kuniaga,
akatazama bahari kupitia nyufa za mbao,
akasema mpira wake huenda ushaanza safari ya kwao.
Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Kila mwaka mpya huniletea kadi kutoka Baní.
Magoti yanamsumbua. Ana mjukuu mwenye mkono wa kushoto.
Chini kabisa huuliza: "Umefika wapi sasa?"
Nami huondoa kifuniko cha debe la mchele,
naunusa, bado una chai,
kisha nafungua ramani ya dunia ya mwanangu wa shule ya msingi
na kumtafutia kisiwa.