Frityuri ya Ziwa

Kwenye menyu ya hoteli pale Muhumba
sambaza hawaitwi sambaza.
Wanaitwa frityuri di lak,
na bei yao imepanda kushinda vilima vya Kadutu.

Aliyewakaanga ni baba yangu, Cirhuza,
miaka ishirini na sita, kofia nyeupe kichwani,
ndefu kama deni.
Alijua kupatanisha siagi na unga
hadi besameli ilale laini, bila donge.
Mayonezi aliipiga kwa mkono mmoja
akiisemesha Kifaransa,
maana, alidai, ukiisemesha Kimashi inakatika.

Nyumbani alinawa, akaketi,
akamega bugali, akachovya kwenye sombe.
Sombe haikuwa na jina la pili.
Mama aliitwanga tu, ikaitika.

Siku moja mgeni kutoka Lyon
aliweka uma kando,
akala sambaza kwa vidole, na vichwa vyao,
kisha akaomba kumwona mpishi.
"Bibi yangu," alisema, "alikaanga hivihivi,
visamaki vya mtoni,
chakula cha watu wasio na kitu."

Usiku ule baba alirudi kwa miguu,
kofia ameikunja mfukoni.
Mama akauliza: "Wamekufukuza?"
Akacheka mpaka akakaa chini, mlangoni, na viatu vyake.

Kesho yake menyu ilikuwa ileile.
Bei ileile.
Ila mayonezi, nasikia,
aliisemesha Kimashi.

Haikukatika.