Moja Hadi Tano

Umekuja na kishikwambi na swali lenye visanduku:
kuanzia moja hadi tano,
naupimaje ubora wa huduma
kwa mama na mtoto mchanga?

Kaa, mwanangu. Boti yako inangoja maji yajae, tuna muda.
Si kiti hicho, mguu wake mmoja ni wa kuazima.
Kaa kitandani. Shuka ni safi,
nimelifua jana kwa sabuni ya nyumbani kwangu.

Maji kwanza.
Jabia limekauka tangu Rajabu.
Ajaye kujifungua huja na uchungu wake,
leso nne,
na wifi nyuma yake kabeba madumu mawili.
Andika: maji yapo.
Huletwa na mgonjwa.

Taa ipo, ya jua, juu ya paa.
Nayo hulala mapema kuliko sisi.
Barke alizaa saa nane usiku
simu yangu nimeiuma menoni imulike,
mate yakinidondoka kidevuni.
Nilimshona nyuzi tatu vile vile.
Hazikufumuka.
Kisanduku cha nyuzi kiko wapi?

Mafunzo nimepata. Mombasa, hoteli ya baridi,
kalamu, cheti, chai ya saa nne na sambusa.
Mwanasesere wa plastiki nilimfufua mara kumi na mbili.
Hakuwa na kamasi.
Hakuwa na nyanya yake mlangoni akisoma Yasini
kwa sauti inayopanda.

Unauliza kama humweleza mama kila hatua kabla ya kumgusa.
Ndiyo.
Na siku nyingine hapana.
Usiku ule walikuwa watatu na mimi mmoja,
nikamkemea binti wa Tundwa:
sukuma, wacha kudeka!
Akanyamaza. Akasukuma. Akazaa.
Daftari linasema "bila tatizo", na mwandiko ni wangu.
Hadi leo tukikutana kichochoroni
hunisalimu akitazama viatu vyangu.
Hapo sijui nijipe ngapi.
Usinisaidie.

Yule wa kilo moja na robo, huyo muulize babake.
Fundi Bwanaheri, mchonga milango,
mikono imejaa vipele vya randa.
Mama alipozidiwa na homa
nilimvua shati, nikamfunga mtoto kifuani pake kwa leso ya maua.
Wenziwe walikuja dirishani kumcheka.
Siku tisa alichekwa, hakuinuka ila kwa sala na chakula.
Sasa mtoto anatambaa, anakula mchanga.
Kwenye fomu yako sioni mahali pa kifua cha baba.

Damu, basi. Nilijua tutafika.
Sindano ya kukaza mji inataka baridi,
friji inataka gesi,
gesi inataka saini ya mtu aliye Mokowe
ambaye kila nikipiga yuko mkutanoni.
Saa nne usiku Mwanamkuu alianza kuvuja.
Nikamwita Famau wa boti ya rufaa.
Akaja mbio, ufunguo mkononi, machozi karibu:
"Sista, Mkanda umekauka. Mpaka saa tisa."
Nne mpaka tisa.
Nikaingiza ngumi, nikabana, na mkono wa pili juu ya tumbo,
nikimsimulia habari za harusi ya dadangu,
nani alivaa nini, nani aligombana na nani juu ya pilau,
ili asilale.
Alifika Lamu hai.
Vidole hivi viwili bado vina ganzi.
Saa tano, mwanangu.
Hiyo ndiyo tano yangu. Iandike unapotaka.

Lakini usiandike kwamba tumechoka,
kila anayekuja huandika hivyo
kisha hutuletea bango lenye picha ya muuguzi anayecheka.
Andika mipira ya mikono, saizi saba.
Andika gesi.
Andika mtu wa pili wa zamu, hata akiwa mkali kama mimi.

Ngoja.
Umesikia madumu yakigongana ngazini?
Huyo ni wifi wa mtu.
Jua limezama na taa yetu unaijua.
Hicho kishikwambi chako kina tochi?
Njoo nacho. Simama hapa, begani kwangu.
Tazama ukutani ukipenda,
ila mkono usitetemeke.