Soot na Sööt

Ofisi ya makaburi, Võru, mwezi wa pili.
Buti za Linda Kärner zinachuruzika theluji zuliani
naye hasemi kitu. Anageuza skrini inikabili.

Maie Soot: safu ya misonobari, kaburi la kumi na nne.
Maie Sööt: hayupo.
Walikufa mwaka mmoja, na kila alipomwandika wa pili
mashine ilimrudisha mlangoni: jina hili lipo tayari.
Miaka kumi na moja marehemu anaambiwa
nafasi yake ya kufa imeshachukuliwa.

Kosa nalijua kabla sijavua glavu.
Ni langu.
Siku nilipoisimika hifadhidata hii, programu iliniuliza:
nipange kwa desturi ya lugha gani?
Nilikuwa nawahi basi la saa kumi na nusu.
Nikabonyeza ndiyo bila kusoma,
ndiyo kwa desturi ya watu
wanaoona nukta mbili juu ya o ni vumbi, wakapangusa.

Soot ni mkono wa mto uliokatika ukabaki dimbwi.
Sööt ni chakula cha ng'ombe.
Haya, mlishe ng'ombe dimbwi.

Na foleni yenyewe: kwetu Z haiburuti mkia,
imekaa mbele ya T kama mgeni aliyepishwa kiti.
Õ, Ä, Ö, Ü huja nyuma ya V, kwa zamu hiyo hiyo.
Linda aliimbishwa hayo darasa la kwanza.
Mashine haikuimbishwa na mtu.

Naiambia safu ya majina: Kiestonia.
Kubwa na ndogo zisamehe, nukta usizisamehe.
Kisha faharasa nzima ibomolewe, ijengwe upya,
maana ilipangwa juu ya uongo.
Dakika arobaini. Linda anamega mkate mweusi.

"Kila Novemba mwanawe huja na mshumaa," anasema.
"Huuliza Sööt. Orodha yako humpeleka kwa Soot."

Mkate unanikwama.

Skrini inaamka. Anaandika kwa kidole kimoja,
S, Ö, Ö, T,
na mashine haikatai.
Soot kabaki kule juu. Tunashuka,
tunampita Suvi, tunampita Sõmer, tunampita Särg,
mbali kiasi hicho walikuwa wale wawili,
hadi Sööt, Maie.

Linda anaichapisha karatasi moja, anaikunja,
anaiandikia juu jina la kijana.
Basi la saa kumi na nusu limeshapita.