Ombi la Kupandishwa

Kwa Bi Rukiya Badi,
ofisi ya juu ya duka la saruji, Barani, Malindi.

Karani wako alisoma kichwa cha barua akacheka:
"Huyu naye anataka cheo."
Cheo mpe karani, Bi Rukiya.
Mimi nataka mti.

Miezi ishirini na miwili nimeangua nazi za hoteli
kutoka Mayungu hadi daraja la Sabaki
zisije zikawadondokea wageni
waliolala na vitabu usoni.
Mnazi naujua. Nilianza Ganda, miaka tisa,
kamba miguuni, panga kiunoni,
nikitumwa mbili naangua kumi.
Lakini mnazi ni shule ya darasa moja:
unapanda, unashuka.
Hauna tawi la kukuuliza,
Haya, sasa wapi?

Kwenye miti ya matawi mimi ni mtu wa chini.
Nashika kamba. Nakokota.
Nazoa majani ya mkungu ndani ya bwawa la kuogelea
huku mwenye nyumba akinihesabia.
Juu yuko Mramba.
Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga.
Nimemngoja.
Kinachoshuka ni unga wa mbao
na sauti yake: "Sogea wewe!"

Jumatatu ile, njia ya Kasuarina,
mvinje ulikuwa umelalia paa jipya la makuti.
Mramba alitembea juu ya tawi
kama mtu anayepita chumbani penye mtoto aliyelala.
Akafunga, akakata,
na tawi, zito kuliko mimi na wewe,
likashuka taratibu hadi mikononi mwangu
bila kugusa kuti hata moja.
Usiku ule chakula hakikupita.
Nilifunga fundo lile kwenye mguu wa kitanda,
nikafungua, nikafunga,
hadi Dama akauliza kama nimemnunua ng'ombe
na kwa nini analala ndani.

Bi Rukiya, goti la Mramba limeanza kusema.
Huku ofisini hulisikii.
Sisi tunalisikia akishuka: kako, kako.
Siku atakapokaa, ujuzi ule utakaa naye.
Daftarini mwako haumo. Umo mikononi,
na mikono haiandiki wasia.

Najua jina usilotaka litajwe.
Mkwaju wa Shela, mwezi wa tano, baada ya mvua.
Kofia ya Ngowa ingali kwenye msumari
nyuma ya mlango wako,
na kila ukitugawia kazi unaitazama kwanza,
kisha unasema, "Kithi abaki chini."
Sikulaumu.
Siku ile kamba nilishika mimi.
Upande wangu ilikaa.
Upande wake fundo lilikuwa la kubahatisha,
kwa maana Ngowa alijifunza kwa kuiba na macho,
kama ninavyoiba mimi sasa.

Kwa hiyo nakuomba unihalalishie.
Nipange na Mramba siku mbili kwa wiki.
Tuanze na miti isiyo na kitu chini yake,
mwarobaini wa shule ya Muyeye,
ile mikungu ya kuelekea uwanja wa ndege.
Nifunge, akague. Anitukane. Nifunge tena.
Mshahara uache ulipo mpaka Idi.
Usinisifu mbele ya watu;
habari za mgema na tembo lake unazijua.
Nikikosea fundo lile lile mara mbili
nirudishe kwenye mkokoteni, sitanuna.
Kofia nitanunua mwenyewe.
Ile iache kwenye msumari.

Karani atakukumbusha: mpanda ngazi hushuka.
Mwambie ndiyo.
Kushuka ndiko ninakotaka kufundishwa zaidi.

Ni mimi, wako wa chini,
Kithi Mwagandi.