Wa Mwisho Nani?

Zoezi la tano lilitufikia Ijumaa, mvua ikigoma kukoma:
panga orodha hii, mdogo hadi mkubwa,
viungo laki moja, kwa sekunde moja,
na kila kiungo kinamjua mwenzake mmoja tu.
Bi Mwasandube aliliacha ubaoni, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Nilianza kama anavyoanza kila mtu,
jirani kwa jirani: wewe mzito rudi, wewe mwepesi pita,
nikifika mwisho naanza upya.
Kompyuta ikanuna. Bado ilikuwa inalinganisha,
mara bilioni kadhaa zimebaki,
umeme ukakatika Iyunga nzima
nami nikaushukuru kimoyomoyo.

Jumamosi nikaenda nyumbani, Kyimo.
Kituoni majani ya chai yalisubiri mizani
na foleni sikuiona.
Wanawake wametawanyika kama maharage yaliyomwagika,
huyu chini ya turubai, wale barazani kwa fundi cherehani,
ila kila anayefika anauliza, "Wa mwisho nani?"
"Mimi."
"Haya, niko nyuma yako."
Basi. Hajui yeye ni wa ngapi.
Tumpe anamjua Sekela, Sekela anamjua mjane wa Mwakibete,
na mjane hana wa kumjua: mbele yake ni ndoano ya mizani tu.

Orodha yangu hiyo,
imevaa mabuti ya mpira, inatafuna mhindi.

Mizani ilikuwa miwili, mmoja ukakatika mnyororo.
Foleni mbili ziwe moja, na kila mtu amechoka.
Nikangoja ugomvi. Haukuja.
Wa kwanza wa huku akamtazama wa kwanza wa kule:
"Ulifika saa ngapi?"
"Kabla ya lori la viazi."
"Tangulia."
Kisha anayefuata, naye akatazamana na yule aliyebaki.
Waliofika pamoja, mama alisema, wa kushoto atangulie,
hiyo haina kesi.
Hakuna kikapu kilichonyanyuliwa.
Kilichohama ni neno tu: nyuma ya nani.

Ni Nsajigwa pekee aliyevuruga.
Aliambiwa mfuate Sekela, akamgeukia Sekela,
akamsahau aliyekuwa akimfuata,
na wanawake sita wakabaki mvuani bila mtu wa kuwataja.
Mama akamfokea: "Mshike kwanza wa zamani kwa mkono huu,
ndipo umpokee mpya kwa huu!"

Nilijua anamsema nani.
Gwamaka alikwenda Chunya kwenye dhahabu,
namba yake anayo Ipyana peke yake,
na simu ya Ipyana ikatumbukia mto Kiwira.
Kaka hajafa. Yuko mahali fulani, anakula, anakohoa,
ila hakuna kidole kinachomwelekea.

Usiku wa Jumapili nikaandika, betri ikiwa asilimia thelathini.
Nikawatuma wawili toka mwanzo wa orodha,
mmoja apige hatua moja, mwenzake mbili;
wa mbili akigota mwisho, wa moja yuko katikati.
Hapo nakata.
Nusu naikata nusu, na nusu yake tena,
mara kumi na saba tu, laki yote imekwisha,
kila mmoja amebaki peke yake,
na aliye peke yake hana wa kugombana naye, amekwisha kupangika.
Kurudi ni kazi ya kituoni:
ulifika saa ngapi, tangulia.
Kila nilipokata nilishika kwanza.
Mstari huo niliuandika mapema kuliko yote, nikauandika polepole.

Ikakubali kabla sijavuta pumzi.

Mama akapiga simu. Kilo kumi na nne,
karani kakata mbili za maji.
Nikamwambia zoezi limekubali.
"Limekubali nini?"
Nikacheka, nikakosa pa kuanzia.
Akanyamaza kidogo, mvua ya kwao ikisikika juu ya bati,
kisha akauliza kama darasani kwetu
kuna mtu yeyote wa Chunya.