Fomu Namba 217

Nafika Chang'ombe saa mbili asubuhi,
upepo wa Agosti umeshanitangulia.
Mkobani fomu arobaini, kalamu tatu,
na kipima pumzi: bomba la plastiki
lenye mshale mwekundu usiojua kubembeleza.

Mama Nyemo anamwagia uwanja maji ya kufulia.
"Nalilaza vumbi," anasema. "Likilala hili,
na yeye atalala."
Maji yalitoka bombani juzi, usiku wa manane;
yamefua, yamesuuza, sasa yanazika vumbi,
na kabla sijapata kigoda udongo umeshayanywa.

Swali la kwanza.
Katika miezi kumi na miwili iliyopita
mtoto amewahi kutoa mlio wa filimbi kifuani?
"Filimbi ni ya refa," ananijibu. "Huyu hana."
Nasema kukorota. Nasema kubanwa.
Siku tatu tulifundishwa, kwa chai na sambusa,
kuuliza bila kuongeza wala kupunguza.
Anatikisa kichwa.
Naweka vema penye HAPANA.

Swali la tisa. Nyumbani mnafuga paka?
"Yupo."
Nageuka, nachungulia nyuma ya ndoo.
"Si huko." Anaweka kiganja kifuani mwa mwanawe.
"Yuko humu. Huja saa tisa usiku,
hukoroma mpaka malori ya kokoto yaanze kupita
kwenda Mtumba. Namkalisha mtoto, namwegemeza kwangu,
tunamsikiliza wote wawili, mpaka achoke."

Narudi juu. Naikata HAPANA mistari miwili,
natia sahihi pembeni, kama tulivyoelekezwa.
Ni nyumba ngapi hapo nyuma,
filimbi ngapi nilizokosa
kwa kuwa sikuuliza habari za paka?

Nyemo ana miaka saba. Namwambia:
puliza kama unapuliza mkaa uliogoma.
Hilo analijua. Anajaza mashavu.
Mia na kumi.
Mia na ishirini.
Mara ya tatu anakohoa, mshale hauondoki.
"Nimeshinda?"
Jedwali langu, kwa kimo chake, linadai mia mbili na ushei.
Namwambia amepuliza vizuri, na si uongo.

Ndipo naliona shati.
Limetundikwa msumarini juu ya mto wa mtoto,
kola imekakamaa, mikono imegeuka kijivu.
Baba yake hupakia saruji.
Kila jioni hurudi na kiasi kidogo cha ghorofa za watu,
hukitundika hapo, hulala.
Hakuna swali la shati. Naandika ukingoni, kwa herufi ndogo:
shati, saruji, juu ya kitanda.

Dawa ya kuvuta ipo. Iko chini ya godoro,
ndani ya fundo la khanga, pamoja na kadi ya kliniki.
Haijafunguliwa.
"Wanasema ukiianza, huachi tena."
Ukurasa wa nne wa mwongozo: mtafiti huuliza, hashauri.
Nanyamaza. Nanyamaza kweli, nahesabu mabati.
Nyemo ananiangalia, mabega yakipanda na kushuka
kama mtu anayechota kisima kirefu kwa kopo.

Nakunywa maji yangu mpaka tone la mwisho.
Naomba kisu.
Chupa ya nusu lita, natoboa kitako,
tundu la kutosha mdomo wa ile dawa.
Nasoma tarehe: bado miezi minne.
"Weka midomo hapa, Nyemo. Vuta polepole.
Usikimbilie, haitakukimbia."

Robo saa baadaye anadai bomba langu mwenyewe.
Mia na sabini.
Fomu ilishafungwa, nafasi zilikuwa tatu tu.
Naiandika kiganjani, namba na saa,
nami nitaieleza nikiulizwa.

Mama yake hasemi kitu.
Anasimama kitandani, anaangua shati,
analipeleka nje, analikung'uta
upande ambao upepo unatoka, si unakokwenda,
na vumbi lote linamrudia usoni.
Anafumba macho, analishika mbali kidogo,
anajaribu tena.